Kokoto za Namba Tatu

Bwawa hili lilichimbwa na maksai wa mlowezi
na wanaume ambao daftari liliwaandika kwa namba,
kama lenyewe lilivyoandikwa: Namba Tatu.
La Kwanza sasa ni shamba la mahindi.
La Pili ni bonde ambako mbuzi hulamba chumvi.
Letu lina maji bado,
ukikubali kuyaita maji.

Nilipokuwa darasa la nne ungeweza kuzama hapa.
Leo korongo husimama katikati, magoti makavu.
Kila masika mto hushusha udongo wa mashamba ya juu,
mwekundu, laini kama unga wa wimbi,
ukalala pale pale ngege alipotaka kulala.

Ofisa wa uvuvi alikuja kutoka Nakuru na buti za kuazima.
Akachomeka fimbo, ikazama hadi kiwiko.
Akaifuta kwa majani, akasema:
Samaki mnao. Mahali ndipo hamna.

Dume la ngege hufagia duara kwa mwili wake,
upana wa sinia, kwenye mchanga unaofagilika.
Tope halikubali ufagio. Ukilisogeza linarudi
kama deni la dukani kwa Gathoni.
Wahenga walisema mficha uchi hazai.
Ngege siku hiyo hakuwepo barazani:
yeye asipofichwa, hazai.

Basi Januari, maji yalipojikunyata
hadi chini ya jiwe la kufulia,
tulibeba kokoto. Karai kichwani, ngata ya kanga kuukuu,
Nasambu mbele, Ekiru nyuma, yule aliyekata mkonge
miaka kumi na tisa akabaki na vidole saba.
Milingoti ya mkonge tukaifunga matita,
tukayatwika mawe, tukayalaza kwenye kina
ili vifaranga vya samaki vipate uvungu.

Kimosop akapita na pikipiki.
Akazima injini, tumsikie vizuri:
"Mnawatandikia samaki,
na watoto wenu wanalala chini?"

Tulicheka.
Kisha hatukucheka.
Wangu watatu hulalia godoro moja, kwa mapana.
Barabara ya zahanati haina kokoto
hata ya kumtupia mbwa.
Nasambu alitua karai, akakaa juu yake kitambo.
Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.
Kesho yake nilirudi na gunia.

Jike huyaokota mayai kwa mdomo, moja moja,
kisha hufumba. Wiki mbili hali kitu.
Akijisahau akameza, amemeza ukoo.
Ofisa alipotusimulia hayo, wengine waliguna.
Mimi nilitazama pembeni.
Mama yangu alitoka Molo mwaka wa moshi
amefumba mdomo hivyo, na sisi watano ndani yake.
Kwenye kila kizuizi waliuliza: jina la pili?
Hakulitema
mpaka alipoona mahali.

Masika yalikuja na fujo zake, yakaondoka.
Juni maji yakatulia, yakawa na rangi ya chai ya mkandaa.
Ekiru alipanda ukutani asubuhi, hakuita mtu,
aliinua tu mikono yote miwili.
Vidole saba.
Tukakimbia, tukachungulia:
masinia saba meupe juu ya kokoto zetu,
na la nane, lililokanyagwa na ng'ombe,
kwato katikati kama muhuri.

Jumapili Kimosop akaja kwa miguu, mfuko umekunjwa kwapani.
"Mtauza lini?"
"Bado," Nasambu akamwambia. "Wana watoto mdomoni."
Akasimama nasi, akatazama, hakusema kitu.

Upande wa juu wingu lilikuwa limeshapasuka.
Huko mtu amelima hadi kwenye ulimi wa mto,
hakuacha hata unyasi.
Tuliona wekundu ukiingia, mwembamba bado,
kama uzi,
na Gathoni akauliza nani ana mbegu za matete.